Siki ya Maganda na Kigoda cha Pili

Mtu mmoja alikuwa na kiwanda kidogo cha kukamua mananasi. Mbele ilitoka juisi, nyuma palikuwa na shimo la maganda.

Katika kiwanda hicho Mwamtoro alimenya mananasi miaka kumi na tisa. Ukali wa tunda ulimla ncha za vidole hata kisu kikawa kinamteleza, na mwenye kiwanda akamwambia akapumzike. Hakumfokea. Wanawake aliokuwa akimenya nao meza moja waliahidi kwenda kumtazama. Mwamtoro alikuwa mjane, hakuwa na mtoto, kwa hiyo aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Kila alasiri alitoa vigoda viwili mlangoni, akakalia kimoja. Hakuja mtu. Upweke ulimwingia mpaka mifupani.

Siku moja akachukua ndoo akaenda shimoni. Hakufuata mali. Alifuata ile harufu, kwa kuwa ilikuwa harufu ya meza yao na gumzo lao. Akayaosha maganda, akayatia kwenye dumu pamoja na maji na sukari, kama marehemu mama yake alivyofanya alipotaka siki. Ila aliona haya, jirani wasije wakasema nyumba yake inanuka uchachu, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote. Siku ya nne dumu likapasuka, ukuta ukalowa. Mwamtoro akaketi sakafuni akalia, na hakulilia dumu.

Safari ya pili akatumia mtungi, akaufunika kwa kipande cha kanga tu, hewa ipite na nzi wasipite. Maganda yakaanza kutoa povu, yakachemka pole pole bila moto, na chumba kikawa na sauti. Asubuhi aliusalimu mtungi kabla ya kunawa uso, kisha akajicheka mwenyewe. Akachuja, akangoja. Juu pakatanda utando mzito, mbaya wa kutazama. Mwingine angedhani ni uozo akamwaga vyote. Yeye aliuacha, maana moyo wake ulikataa kutupa kitu. Baada ya wiki kadhaa ikawa siki safi, kali, yenye rangi ya asali.

Habari zikamfikia mwenye kiwanda, ambaye alikuwa ameanza kutengeneza achari, nayo ikawa inaharibika kwa kukosa siki nzuri. Akaja mwenyewe. Mwamtoro akamsogezea kigoda cha pili. Tajiri akaonja akiwa amesimama, akaonja tena, akauliza siki hiyo imetoka nchi gani.

"Imetoka shimoni kwako, bwana," Mwamtoro akasema. "Ni yale maganda tuliyokuwa tukikumenyea."

Tajiri akaagiza shimo lifukiwe, na maganda yote yapelekwe kwa Mwamtoro kila asubuhi kwa mkokoteni. Yanapelekwa mpaka leo, halipotei hata ganda moja, naye anauza siki yake na njaa haijui tena. Mkokoteni ukishamwaga mzigo, unaondoka. Alasiri anatoa vigoda viwili, anakalia kimoja.

Basi ninyi mnaonisikiliza, maganda yamekwisha kupata wa kuyakumbuka. Kigoda kile kinamngoja nani?