Mlango wa Chombo cha Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, wakati mito ilikuwa bado haijajua mipaka yake, palikuwa na kisiwa katikati ya mto mpana. Kaeni vizuri. Na wewe uliye huko nyuma, acha kuchekacheka. Hadithi hii si ya kuchekea.

Wanyama wa kisiwa kile walikuwa na nyumba na majiko yao, na desturi yao ilikuwa moja: mkubwa kwanza. Mkubwa atangulie kula, mkubwa atangulie kunywa, na mkubwa asiguse mlango kwa mkono wake. Bwana Kifaru akifika kwake husimama nje tu akakohoa, "Hm-hm!", mpaka mdogo mmoja atoke mbio kumfungulia.

Mwaka huo mvua haikukatika, mto ukaanza kukila kisiwa. Unaamka asubuhi, jiko la jirani halipo. Mume wa Bi Pimbi alikwenda hivyohivyo, na kitanda chake. Alipokuwa akipiga kelele majini, Kifaru na Nyati walimjibu kutoka ukingoni, "Tunakuja!" Maskini, alizama akiwangoja.

Bi Pimbi akabaki na watoto wawili, Kidawa na Shomvi. Halali, hali, anachowaza ni kuwavusha hao wawili tu.

Siku moja Kifaru akaita mkutano. "Tunaunda chombo," akasema. "Kiwe na ncha mbele, kama pembe yangu. Chombo bila pembe ni chombo gani?"

"Na kuta ndefu!" akadakia Nyati.

"Na sisi wadogo, mabwana?" akauliza Bi Pimbi.

"Nyinyi safari ya pili."

Bi Pimbi akaenda zake. Safari ya pili ya wakubwa alikuwa anaijua.

Kesho yake akaja na vyombo viwili vidogo vya magome ya mti, na punje za mahindi kiganjani. Kimoja kilikuwa na ncha. Akakiweka topeni penye maji haba, akapanga punje ndani. Kikayumba, kikalala ubavu, punje zote majini, chubwi!

"Nani huyo aliyezama?" akauliza Kifaru.

"Ni wewe, bwana."

"Ala!"

Cha pili kilikuwa bapa chini, kama sinia. Uso wake wa mbele ulikuwa ubao mmoja tu, unaolala ufukweni ukiulegezea kamba, na ukiivuta kutoka ndani unainuka na kufunga ndi! Bi Pimbi akakikandamiza, akakitikisa. Hakikulala.

"Hiki hakina haja ya kina kirefu, kinapanda hadi ufukweni," akasema. "Na nyinyi watu wazima mruke ukuta kama mbuzi? Aibu! Hapa mnaingia kwa miguu yenu, taratibu, kama mnaingia sebuleni."

Nyati akaguna. "Lakini hakina pembe."

"Pembe si mnazo nyinyi wenyewe?"

Hapo wakacheka, wakakubali. Bi Pimbi akainamisha macho. "Na kamba ya mlango ataishika nani?"

"Swali gani hilo!" akafoka Kifaru. "Tangu lini mimi nikajifungia mlango? Utashika wewe. Utakwenda nasi, utufungulie ng'ambo."

"Na wanangu?"

"Nimeshasema. Safari ya pili."

Machozi yalimlengalenga, lakini akajibu, "Haya, bwana."

Wakaunda. Siku chombo kilipokwisha, maji yalikuwa yanalamba vizingiti. Kifaru akaingia wa kwanza, kama desturi. Akafuata Nyati, kisha Bi Pimbi na kamba yake mkononi. Chombo kikadidimia topeni, twap! Wakapiga makasia, wakapiga, wapi!

"Kimegoma!" akalia Nyati.

"Tope limekishika, mabwana zangu," akasema Bi Pimbi. "Shukeni mkisukume kidogo. Nguvu hizo nani mwingine anazo hapa? Mimi nitainua mlango, tope lisiingie. Ila kamba ni nzito, mikono yangu haitoshi. Wanangu na jirani yangu Mzee Kobe wanisaidie kuivuta. Kikielea, watashuka."

"Upesi basi!"

Wakubwa wakashuka. Wadogo wakapanda, wakavuta kamba. Kwiii... ndi! Kifaru na Nyati wakaweka vipaji vya nyuso zao kwenye ubao ule wa mbele. Naam, wanangu, walikuwa wanausukuma mlango wao wenyewe, nao umefungwa.

"Harambee!"

Chombo kikateleza. Kikaelea. Mkondo ukakidaka.

Kifaru akasimama maji ya kifua, akakohoa, "Hm-hm!"

Mlango haukufunguka.

"Hm-hm! Pimbi! Fungua!"

"Kamba nzito, bwana!" Bi Pimbi akajibu, na mikono imeikamata kamba barabara.

"Pimbi, usituache! Tutakufa!"

Mzee Kobe akanong'ona, "Bibi, wale wanazama kweli." Bi Pimbi akatazama makasia. Yalikuwa yamechongwa kwa mikono ya Nyati. Wao wote watatu na kobe wao wasingeweza kuinua hata moja, sembuse kukirudisha chombo kinyume cha mkondo ule. Hilo hakuwa amelifikiria.

Nyuma yao sauti ilikohoa tena, ikadhoofika. Kisha jiii, mvua peke yake.

Mkondo ukawatupa ng'ambo, chombo kikapanda ufukweni chenyewe. Bi Pimbi akalegeza kamba, mlango ukalala, watoto wakashuka miguu mikavu.

"Mama," akauliza Kidawa, "tutawarudia?"

"Safari ya pili," akajibu Bi Pimbi. Neno lilipomtoka akalisikia, akakaa chini pale mchangani akalia, wala si kwa furaha ya kuokoka.

Basi yangu yameishia hapo mtoni: ukimzoesha mwenzio kusimama mlangoni, jua siku moja atakuwa yeye ndani na wewe nje.