Beseni la Waliolala

Ambakisye alifuga kuku, na kwa ajili ya kuku hao akafuga funza wa unga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Majirani walimcheka. Wao walichekecha unga ili kuwatupa wadudu hao, naye aliwanunulia pumba na kuwatunza kama wakwe. Lakini kuku wake walinona, na mtu mwenye mayai hachekwi kwa muda mrefu.

Funza walikaa chumba cha nyuma, katika beseni pana lililojaa pumba. Juu yake aliwawekea vipande vya viazi, maana funza hanywi maji, unyevu wake huupata katika anachokula. Maisha yao hayana mengi. Funza hula na kukua, kisha siku moja huacha kula. Hujikunja, hugeuka mweupe, hulala. Hawezi kukimbia wala kuuma. Ukimgusa hutikisa mkia, basi. Asiyejua humtupa akidhani amekufa, kumbe ndani yake anafanyika mbawakawa, mwenye miguu na mabawa, atakayetaga mayai ya kizazi kingine.

Mwanzoni Ambakisye aliwaacha waliolala pamoja na wanaokula. Akaenda msibani kwa wajomba zake, akakawia huko, na viazi vikakauka. Aliporudi alikuta waliolala wametobolewa matumbo, yamebaki maganda matupu. Waliowatoboa ni ndugu zao. Jambo hilo lilimuuma. Tangu hapo kila asubuhi alishika kijiko, akawaokota waliolala mmoja mmoja, akawahamishia kwenye beseni lao na kulifunika kwa kitambaa. Wageni walipomuuliza sababu, aliwaeleza kwamba funza hawali wenzao kwa chuki. Wana kiu, na aliyelala ndiye aliye karibu.

Ambakisye alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Lugano, nao waliishi nyumba moja. Lugano alikuwa mlevi wa kusifika. Aliwahi kuuza sufuria ya mama yao ingali na joto la maharage. Kisha akaacha pombe. Hakuapa mbele ya watu, hakupiga magoti kanisani, aliacha tu. Nyumba nzima ilitarajia kwamba mtu akiacha pombe leo, kesho ataamka na jembe. Lugano hakuamka na jembe. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba cha nyuma, mikono magotini, kimya. Chakula alikionja tu. Akiitwa aliinua uso, kisha akauinamisha tena.

Basi wakaanza kumsema. Mama yao, aliyeaibishwa naye sokoni mara nyingi, alimuuliza kila asubuhi mtakatifu wetu ameoteshwa nini. Tumpe, mke wa Ambakisye, ambaye miaka yote ndiye aliyemfungulia shemeji yake mlango na kufagia matapishi yake, alisema hata gogo lina faida, angalau hupasuliwa kuni. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na kidonda chake, na ulimi hauna mfupa. Ambakisye naye, mbele ya wageni, Lugano akiwa pale pale, alisema afadhali enzi za ulevi, maana wakati ule alikuwa akicheka. Watu wakaangua kicheko. Lugano akajisogeza kidogo kwenye kigoda chake.

Ikawa hivyo siku baada ya siku, na Lugano akaanza kuitazama njia ya kilabuni. Kule hakuna ambaye angemsema. Kule wangempokea kwa vigelegele na kumsogezea kiti.

Asubuhi moja Ambakisye alikuwa akiokota kwa kijiko chake, na Lugano alikuwa akimtazama. Ambakisye alimkuta mmoja ameng'atwa ubavuni lakini bado anatikisika. Akamwinua huku amezuia pumzi, akamlaza polepole kwenye beseni la pili, akawagombeza wale wengine kana kwamba wanasikia. Ndipo Lugano aliponena.

"Kaka, na mimi nitafutie beseni."

Ambakisye alitaka kucheka, akaacha. Aliona aibu, ile aibu ya kweli inayopasha masikio moto. Alifunika beseni, akaenda jikoni walikokuwa mama yake na mkewe, akazungumza nao, akianza kwa kukiri kosa la maneno yake mwenyewe ya siku ile ya wageni. Mama yake alilia. Tumpe hakulia. Aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwomba yeye radhi kwa miaka yote ya kufagia. Ambakisye akakiri kwamba hakuna. Akamwomba radhi pale pale, mbele ya mama yake, akamshukuru kwa kila mlango aliofungua. Tumpe akashusha pumzi ndefu, uso wake ukalegea.

Wakampa Lugano kijumba kilicho nyuma ya jiko. Tumpe alimpelekea chakula, akakiweka mlangoni na kuondoka bila neno. Mama yao alipita akamsalimu, akaenda zake. Mvua zikaja, zikaisha, na hakuna aliyemuuliza ataanza lini.

Kisha mchana mmoja walimwona Lugano ametoka, ameshika jembe lililoegemea ukuta, anaelekea shamba la viazi. Tumpe alikuwa akimenya ndizi. Alikuwa na neno tayari mdomoni, kwamba leo jua limechomoza magharibi, na lilikuwa neno tamu. Akalimeza. Akaendelea kumenya ndizi zake.

Nanyi mnaonisikiliza: nyumbani kwenu ni nani aliyenyamaza, na alama za meno zilizo mwilini mwake ni za nani?