Siku Riziki Alipouzunguka Mji

Paukwa!

Pakawa!

Walikuwapo?

Walikuwapo, tupe habari zao!

Basi, palikuwa na mji uitwao Mwangani, na mwituni liliishi zimwi. Watu walijikinga kwa zingo: ng'ombe hutangulia, watu wote wakauzunguka mji kwa dua, mji ukafungika, zimwi lisiweze kuingia.

Mjini alikuwako Riziki. Miguu yake haikumbeba tangu kuzaliwa. Alitambaa, mikononi amevaa mitalawanda, vile viatu vya mbao, ili viganja visichubuke. Kaka yake, Mzee Shee, ndiye aliyesoma dua ya zingo na kulijibu zimwi likiuliza.

Siku moja zingo likapita mlangoni pa Riziki.

"Kaka, nami nije."

"Wewe kaa, dada. Utatuchelewesha."

Walipomaliza, zimwi likauliza kutoka mwituni, "Mmezunguka wote?"

"Wote!"

"Uongo!" Likaingia, likammeza mtoto wa mwashi, likaenda zake.

Basi wakahesabiana. Vichanga walikuwamo, vikongwe walikuwamo, hata mgeni wa juzi alikuwamo. Mwishowe mke wa Shee akasema, "Na wifi yangu je?"

Zingo la pili wakambeba Riziki kitandani, mbio mbio. Yeye akaona mawingu tu.

"Mmezunguka wote?"

"Wote!"

"Uongo! Mmoja mmembeba kama gunia." Likaingia, likammeza Time, binti wa Shee, ambaye Riziki ndiye aliyemlea.

Riziki hakulia. Alivaa mitalawanda yake. "Leo nafuata ng'ombe kwa magoti yangu. Atakayechoka kunisubiri, na arudi kwake sasa hivi."

Ko-ko, ko-ko, ko-ko. Walianza asubuhi. Jua likawa la utosi, likapinda. Magoti yakavuja damu.

"Huyu atatufikisha mwakani," kijana mmoja akanong'ona.

Penye matope Shee akainama. "Dada, hapa tukubebe kidogo tu."

"Kaka, nisubiri."

Akasubiri. Mji mzima ukasubiri, hata ng'ombe akalala chini.

Walipofika pale walipoanzia, zimwi likauliza, "Mmezunguka wote?"

Shee akamgeukia Riziki. Machozi yakamlowesha ndevu. "Mara mbili nimesema uongo na dua ikiwa mdomoni. Mwanangu ameliwa kwa ulimi wangu. Mola anisamehe. Jibu wewe, dada."

"Wote," Riziki akasema. "Na mimi nimo."

Zimwi likaja mbio. Likajigonga hewani kama kwenye ukuta. Likajigonga tena. Mara ya tatu tumbo likapasuka, wakatoka watoto wawili, wazima. Time hakumkimbilia baba. Alimkimbilia shangazi.

Tangu hapo zingo la Mwangani huenda kwa mwendo wa Riziki. Na baraza la mji likajengewa mteremko badala ya ngazi, ili aingie mwenyewe, aseme lake, na lake lisikilizwe.

Ngano yangu inakomea hapo. Funzo lake ni hili: mwenye ulemavu msimwache nyuma, wala msimfanye mzigo; msubirini, mmuulize, mmsikilize. Na nilipoteleza katika kusimulia, Mungu anisamehe.