Mshale Uliofungwa Mara Tisa

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na uta.

Ukavutwa.

Palikuwa na mshale.

Ukavunjika.

Basi sogeeni. Wenye watoto wapakateni, wasio nao washike magoti yao, niwaambie mshale ule ulivunjikaje.

Zamani, zamani hasa, wanyama walipokuwa bado wanaitikia salamu, kulikuwa na mwanamke kijana akiitwa Nthenya, mke wa Musembi mwindaji. Alikuwa na mtoto wa miezi miwili, mtoto wa kwanza, mnene, mashavu hayo, lakini hana jina. Hana jina kwa sababu desturi ya watu wale ilikuwa hivi: mtoto wa kwanza hatolewi nje ya mlango wala haitwi jina mpaka abebwe kwa mbeleko ya ngozi ya pofu, yule swala mkubwa wa nyikani, na pofu huyo awe ameangushwa na baba yake mwenyewe. Mwezi wa tatu ukiandama na ngozi haipo, mtoto anapelekwa kwa shangazi yake ng'ambo ya mto, analelewa huko mpaka aote meno yote.

Majirani walimwita Nthenya Mama Nani. Walicheka, naye alicheka, kisha akaingia ndani akahesabu siku kwenye vidole, akazihesabu tena, zikawa zilezile.

Na Nthenya alikuwa mwoga, jamani. Tangu ajifungue alikuwa akiogopa upepo, akiogopa mwewe, akiogopa nzi aliyetua karibu na mtoto akamtazama vibaya. Na mtu akiogopa, mikono yake hutafuta kazi, na ya Nthenya ikapata kazi ya kufunga. Alifunga mbuzi kwa kamba mbili. Alifunga kibuyu cha maziwa mpaka mwenyewe akashindwa kukifungua. Akienda shamba, mtoto akabaki ndani na Mbithe, mama mkwe wake, aliufunga mlango kwa nje mara tatu, Mbithe akapiga kelele kutoka ndani akiuliza kama na yeye ni mbuzi.

Hata mishale ya mumewe alifunga yeye. Musembi alichonga wano, ule mti wa mshale, akaunyoosha motoni. Nthenya akaifunga chembe, ile ncha ya chuma, kwa ukano, ule mshipa mkavu wa ng'ombe, na gundi juu yake.

Siku ya kwanza akafunga mara tatu. Musembi akapaka sumu, akaenda nyikani, akamkuta pofu, mkubwa kuliko fahali wa ng'ombe, ngozi ya shingo inaning'inia. Akavuta, akaachia. Mshale ukaingia ubavuni, ukakaa. Pofu akakimbilia vichakani, mgunga mmoja ukaudaka mkia wa mshale, mshale ukapinda, ukalia ka, ukavunjika. Chembe nayo, kwa vile ilishikamana na mti wake, ikachomoka na kipande. Sumu haikupata hata nafasi ya kukaa.

Pofu akasimama juu ya kilima, hana haraka.

"Musembi, mshale huu kafunga nani?"

"Mke wangu."

"Amefunga vizuri sana. Msalimie."

Akaenda zake.

Musembi alifika nyumbani na vipande viwili, akazifikisha salamu kama alivyopewa. Nthenya alivitazama vile vipande akasema hakukaza. Hakukaza, ndiyo maana. Akachukua ukano akafunga mara sita, gundi juu, gundi chini.

Siku ya pili Musembi akaenda, akamkuta pofu, akavuta, akaachia. Mshale ukaingia, ukakaa. Pofu akapita kati ya mawe mawili, ka, ukavunjika, chembe ikatoka na kipande chake. Pofu akasimama juu ya kilima.

"Kafunga nani?"

"Yuleyule."

"Leo amefunga vizuri kuliko jana. Msalimie."

Hapo Nthenya hakulala usiku wala hakula mchana. Mbithe akamwambia mwanangu kula, maziwa hayatoki kwenye ukano. Hakusikia. Alifunga mara tisa, akakaza kwa meno, ufizi ukatoka damu, mshale ukawa mnene kama mkia wa kenge. Musembi aliupima mkononi, akamtazama mkewe, akaondoka nao.

Siku ya tatu, mshale ukaingia, ukakaa, pofu akajikuna tu kwenye mti. Ka.

"Kafunga nani?"

Musembi akaokota vipande.

"Huyo sasa ni fundi," pofu akasema. "Msalimie, na umwambie sijawahi kuvunja mshale kwa urahisi hivi."

Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uandame. Ng'ambo ya mto shangazi alikuwa ameshafagia chumba na kutandika ngozi ya kondoo, kwa nia njema kabisa, na habari ikamfikia Nthenya. Akachukua jembe akaenda shamba la viazi alfajiri, ili alie mahali ambapo mtoto hatamsikia.

Kufika, nani yuko kati ya matuta? Nungunungu. Wenzake wote wamesharudi shimoni, yeye uroho umemchelewesha, kiazi kimoja mdomoni na kingine anakikanyaga kisimtoroke. Nthenya akaona angalau huyu hamponyoki. Akamrukia, akamkumbatia kwa mikono miwili, akakaza kama anavyokaza kila kitu.

Aliyepiga yowe si nungunungu.

Nungunungu alitembea hatua tatu, akageuka, akaendelea kutafuna. Nthenya alibaki na miba kiganjani, mitatu, mizima.

"Dada, umenikamata," nungunungu akasema. "Sasa angalia umekamata nini."

"Umeacha miba yako."

"Naiacha kila siku. Nilimwachia chui, nikamwachia fisi, leo wewe. Haujavunjika hata mmoja. Ingekuwa imefungwa mgongoni kwangu, tungekuwa bado tunavutana hapa, wewe na mimi, mpaka mmoja avunjike."

Kisha akaomba radhi kwa habari ya viazi, akachukua kingine, akaenda.

Nthenya akakaa kwenye tuta. Akautazama mwiba. Umeingia na umekaa, na mwenyewe yuko kule anatikisa matako. Akakumbuka salamu za pofu, moja, mbili, tatu: amefunga vizuri, amefunga vizuri, huyo ni fundi. Kumbe yule mnyama hakuwa akimkejeli. Alikuwa akisema kweli tupu.

Akaacha jembe palepale akakimbia.

Alikata ukano wote, tabaka tisa. Akamwambia Musembi atoboe tundu kwenye mwisho wa wano, achonge kijiti kifupi, chembe ikae juu ya kijiti, na kijiti kiingie tu tunduni. Musembi akauliza kitafungwa na nini. Nthenya akakitia mate, akakichomeka.

"Na mate," akasema.

Mbithe alicheka mpaka akashika mlango. Aliuliza kama pofu anawindwa au anatemewa. Lakini mikono ya Nthenya ilitaka kurudi kwenye ukano, ikabidi aikalie. Aliikalia hivyo mpaka Musembi akapotea machoni.

Siku ya nne Musembi akamkuta pofu, akavuta, akaachia. Mshale ukaingia, ukakaa. Pofu akakimbilia vichakani, mgunga ukaudaka mkia wa mshale, na wano likaachia, taratibu, likaanguka kwenye majani. Zima. Hata unyoya haukuinama. Kijiti na chembe vikabaki ndani, na sumu ikakaa kitako.

Pofu akapanda kilima. Safari hii alipanda kwa haraka ya kutaka kufika.

"Musembi. Leo hakufunga."

"Hakufunga."

"Basi mwambie salamu zangu zimemfikia."

Akapiga magoti, akalala.

Walikata nyama ya pale sumu ilipoingia wakaitupa mbali, iliyobaki ikabebwa na wanaume sita wakiimba. Ngozi ilikwanguliwa, ikalainishwa kwa mafuta, na siku ambayo mwezi uliandama mbeleko ilikuwa tayari. Hata shangazi alivuka mto, na ile ngozi yake ya kondoo ameibeba kama zawadi.

Lakini desturi ilikuwa na sehemu ya pili, ambayo Nthenya alijitahidi kuisahau. Mbeleko ya kwanza haibebwi na mama. Huibeba bibi, akazunguka nyumba zote za kijiji, na mama hubaki mlangoni kusubiri.

Mbithe akainama, mtoto akawekwa mgongoni. Nthenya akafunga fundo moja. Vidole vyake vikabaki pale juu ya fundo.

"Mwanangu," Mbithe akasema bila kugeuka, "niachie, mgongo wangu huu ndio uliomlea baba yake."

Nthenya akaachia.

Akasimama mlangoni akisikia vigelegele vikienda mbali, nyumba baada ya nyumba, mpaka vikapotea kabisa nyuma ya zizi la mwisho. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Halafu vikaanza kusikika upande wa pili, vikaja, vikaja, na mbele yao Mbithe anacheza kama msichana, na mtoto mgongoni amelowesha ngozi ya pofu, jua liko usoni kwake kwa mara ya kwanza, anacheka na kila mtu.

Wakamwita Musyoka, yaani aliyerudi. Na Mama Nani akawa Mama Musyoka.

Tangu siku ile watu wale hawafungi chembe kwenye wano. Na ninyi mnaokaza kila kitu, na mimi nimo, tusikie: si kila kinachokazwa hudumu, vingine hudumu kwa kuachiwa.

Mimi nilikuwepo kwenye ile karamu, nikapewa mnofu mkubwa. Nikauliza ni wa wapi, wakasema ni wa jirani na pale mshale ulipoingia. Nikasema asanteni, nimeshiba.

Uta wangu nimeulegeza. Aliyedaka mshale, aurudishe kesho ukiwa mzima.