Sahani ya Sifa

Haya, kaeni vizuri. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Walikuwapo watu watatu. Lubunga, fundi cherehani, alikuwa na mgongo usiochoka. Mama Atosha alikuwa na subira ya ajabu. Amisi kinyozi alikuwa na jicho la kuona kila kitu, na mdomo wa kukisimulia. Hawakujuana, mpaka vita vilipowakusanya kwa ajili ya mtoto wa mama mmoja aliyeitwa Wabiwa.

Kwao Wabiwa, mtu akiwa mbali hupakuliwa chakula chake, kikafunikwa kwa sahani nyingine na kuwekwa pembeni. Siku anaporudi, hula sahani hiyo na mtu mmoja tu, yule aliyemrudisha. Tangu hapo mtu huyo ni mzazi wake wa pili, na ana kauli katika maisha yake.

Vita viliingia kijijini siku ya soko. Kwenye msukumano wa darajani, mkono wa Sifa, mtoto wa miaka mitano, ukachomoka katika mkono wa mama yake. Wabiwa alifika kambini peke yake. Kila jioni akampakulia Sifa ugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akafunika. Majirani walinong'ona kwamba amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa. Ila akicheka alijiona kama mwizi, na mtoto yeyote akilia kambini, yeye alitoka mbio.

Lubunga alimkuta Sifa kando ya njia, halii wala hasemi. Fundi alikuwa amejitwika cherehani yake, ambayo ndiyo iliyomlisha. Vyote viwili asingeviweza mlimani. Akaitua cherehani majanini, akambeba mtoto. Wenzake walimwona mjinga.

"Cherehani ataiokota mtu yeyote," akawaambia. "Huyu je?"

Akamfikisha kambi iliyo upande wa pili wa bonde, na huko Mama Atosha akampokea. Mwanawe mwenyewe, Atosha, alikuwa amepotea vitani na hajaonekana. Msimu mzima wa mvua Sifa hakutamka neno. Mama Atosha hakumlazimisha. Alimsemesha akitwanga, akimsuka, akiuliza na kujijibu mwenyewe. Kisha siku moja wakila, mtoto akatenga matonge yake mawili, akayafunika, akasema, "Hii ya mama." Mama Atosha alifurahi mno, halafu akaumia, maana alijua mama anayetajwa si yeye. Tangu siku hiyo sahani ikawekwa kila jioni.

Amisi alizunguka kambi zote na mkasi wake. Alikuwa akimnyoa mzee mmoja uani kwa Mama Atosha alipoiona sahani hiyo.

"Ya nani hiyo iliyofunikwa?"

"Ya mama yake mtoto. Hataki iguswe."

Mkasi ukasimama. "Kule kambi yetu kuna mama anafunika hivyo hivyo. Watu wanamcheka. Hata mimi nilimcheka!"

Akaondoka mbio, akamwacha mzee wa watu na nusu kichwa. Hakupumzika mpaka alipomfikia Wabiwa.

Siku ya kumrudisha Sifa kwa Wabiwa, Lubunga na Amisi walimsindikiza Mama Atosha na mtoto. Sifa akajificha nyuma ya kitenge cha Mama Atosha. Wabiwa aliumia sana, lakini hakumvuta. Aliingia ndani, akatoa sahani, akaiweka mkekani. Mtoto akachungulia, akasogea, akafunua.

"Ulinitunzia?"

"Kila siku, mwanangu."

Basi Sifa akaenda kuketi pajani pa mama yake, na vigelegele vikajaa kambi.

Sasa ikabaki kula.

"Mpe fundi," alisema Mama Atosha. "Asingembeba, mimi ningemlea nani?"

"Mimi nilibeba safari moja tu, dada," alisema Lubunga. "Wewe ndiye uliyemrudishia sauti."

"Na bila mimi mngefunika masahani mpaka mzeeke," alisema Amisi, mikono ya shati ameshaikunja.

Wabiwa akacheka, na safari hii hakujiona mwizi. Lakini hofu haikumwacha. Mama Atosha akiwa mzazi wa pili, je, mtoto hatamfuata yeye? Na asipokuwa, atarudi kwake amepoteza mtoto wa pili. Lubunga hana cherehani wala mtoto. Na Amisi, anayetaniwa na kila mtu, ndiye aliyeleta habari ambayo Wabiwa alikuwa ameiomba kwa Mungu kila jioni.

Akachukua jagi la maji ya kunawa, amnawishe yule atakayekula na mtoto. Mbele yake wameketi watatu, ugali unapoa.

"Mama, nina njaa," alisema Sifa.

Jagi hilo sasa nakupa wewe uliyekohoa mapema. Watu watatu wanakungoja, na mtoto ana njaa. Je, ungemnawisha nani?