Asali ya Kifaru na Neno WAZI

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na kompyuta na binadamu bado anagombania mapango.

Mzee Kifaru alikuwa ameweka pipa la asali katika ghala la kijiji, asali ya harusi ya bintiye. Mlangoni palikuwa na kompyuta. Ukikuta imeandikwa WAZI, unaandika KUNA MTU, unaingia. Ukitoka, unarudisha WAZI. Sheria nyepesi, hata kwa wenye vichwa vizito.

Siku moja Kifaru akasoma WAZI, akasimama kwanza kujikuna. Nyati naye akasoma WAZI. Wote wakaandika KUNA MTU, wote wakaingia. Pu! Vichwa viwili, mlango mmoja.

"Hukusoma?" Kifaru akafoka.

"Nimesoma! Wewe je?"

Wasomi watupu, basi.

Wakamwita Nguchiro, mdogo kama kiatu, fundi wa programu. Akaandika mistari miwili, ta-ta-ta!

"Sasa kulinganisha na kubadilisha ni tendo moja," akasema. "Kompyuta ikikuta bado ni WAZI, papo hapo inaandika KUNA MTU. Ikikuta sivyo, inakurudisha. Hakuna nafasi ya kujikuna katikati."

Ikawa kweli, hawakugongana tena. Kifaru akajisifu kijiji kizima, utadhani yeye ndiye aliyeandika.

Siku ya kuamkia harusi, Kifaru alitamani kwenda kugaagaa matopeni, lakini aliihofia asali yake.

"Nguchiro mwanangu, nitajuaje kama hakuna aliyeingia?"

"Aa, mzee! Si kuna kompyuta? Tazama sasa, ukirudi ulinganishe."

Kifaru akatazama: WAZI. Akaenda zake. Aliporudi: WAZI.

"Lile lile! Loo, akili hizi!" Akamkumbatia Nguchiro, ambaye mashavu yake yalikuwa yananata. Kwa hekima yake, Kifaru akadhani ni jasho.

Asubuhi wageni wakaketi, ngoma tu-tu-tu! Kifaru akafungua pipa. Ng'o! Hata tone. Bibi harusi akaangua kilio, na baba mtu akatamani ardhi immeze, ila alikuwa mnene mno.

"Nguchiro! Umenidanganya!"

"Mimi?" Nguchiro alikuwa juu ya kichuguu, anajilamba vidole. "Nilikuta WAZI, nikaandika KUNA MTU. Nikatoka, nikarudisha WAZI. Sheria nimeifuata yote, mzee! Wewe ulilinganisha neno la mwanzo na la mwisho. Mimi nilikuwa katikati, nalamba."

Kukuta alama ile ile, wanangu, si ushahidi kwamba hakuna aliyepita.