Kapu la Mize

Ngano!

— Na ije!

Ikija?

— Tuipokee!

Ipokeeni taratibu basi, leo imekuja inalia.

Hapo kale, katika mji wa Shungi, palikuwa na Mize, mshona kofia. Hodari wa sindano, mvivu wa ufagio. Kifua chake hakikuwa na maziwa, na kitoto chake kiliishi kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani, Bi Mwanakombo, kikongwe mwenye kuona kwa taabu. Bibi huyo hakudai malipo. Alitaka maganda tu, amlishe ng'ombe wake.

Mpiga mbiu akapita na pembe: "Enyi watu wa Shungi! Maganda kapu lake! Vigae na vyuma kapu lake! Majivu shimoni!" Akapita tena. Akapita mara ya tatu, sauti imemkauka.

Watu wakatenga. Mize je? Wapi! Alizoa vyote pamoja, vigae, majivu, sindano zilizovunjika, akavitia kapu la maganda, na juu akatandaza maganda mazuri ya ndizi. "Nani atapekua kapu?" Mnacheka? Chekeni, lakini ujanja huo mnaujua.

Siku ya kwanza Bi Mwanakombo akaokota kigae. "Mize mwanangu, hiki kimetoka kwako?"

"La, bibi. Labda kwa jirani."

Siku ya pili akaokota msumari. "Na huu, mwanangu?"

"La, bibi. Labda kwa jirani."

Siku ya tatu hakuuliza kitu, maana hakuona kitu.

Ng'ombe akala. Akapiga magoti. Akafa. Walipompasua, wakakuta sindano moyoni. Washona kofia walikuwa wengi mjini, na hakuna aliyesema ni yake.

Jioni, hodi mlangoni. Bi Mwanakombo, na kibakuli mkononi.

"Haya ndiyo ya mwisho, nilikamua alfajiri. Mpe mtoto. Na unisamehe, mwanangu. Macho yangu haya! Sikuiona ile sindano. Nimemnyima mjukuu wangu maziwa."

Mize akapokea kibakuli.

"Ahsante, bibi," akasema.

Hilo tu ndilo lililotoka, jamani. Majuto yalimbana hata akashindwa kumtazama usoni. Bibi akaondoka akipapasa ukuta. Mtoto akanywa, akamaliza, akalia anataka mengine.

Ngano imekomea hapo. Aliyeipenda aibebe, iliyemchoma aende nayo polepole.